Mama Habishiwi

Gari lilisimama juu barabarani, maana kwetu huku chini gari likiteremka kupanda ni kazi. Mimi nilikuwa kwenye chanja nageuza usipa. Mjukuu wangu aliliona kabla yangu. Akaacha kugeuza, akasema, "Bibi, ni mwalimu." Halafu akafunga upya kanga ambayo haikuwa imelegea, akaingia ndani.

Nikajua siku imefika.

Nieleze kwanza, maana mtakaosoma wengine hamkuzaliwa ziwani. Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa. Wanaume wanauvua usiku kwa taa, asubuhi sisi wanawake tunauanika juu ya chanja, vile vitanda vya miti vilivyotandikwa wavu, na asiye na chanja anauanika mchangani, ingawa bwana wa uvuvi akija anagomba. Jua likiwaka, unakauka siku hiyo hiyo. Mvua ikija kabla haujakauka, unaoza, na hapo hakuna la kufanya ila kuwaita kuku. Hiyo ndiyo habari mjukuu wangu alikuwa anaisomea chuo kikuu, shahada ya pili. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka sana. Nikamwambia, mke mwenzangu, watu wanakwenda chuoni kukimbia harufu ya usipa, wewe umeifuata huko huko.

Namwita mke mwenzangu kwa sababu babu yake alikuwa anamwita mke wake. Ni utani wetu, bibi na mjukuu. Wenye bibi wanajua.

Nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu, aliolewa tena huko Kingerikiti, na mume mpya hakutaka mtoto wa mwingine. Sisemi zaidi, Krismasi wanakuja na tunakula pamoja. Mtoto akabaki kwangu, akasoma hapa Lipingo, akaenda sekondari Mbinga, akaenda chuo, akamaliza, nikadhani basi, tumefika. Kumbe chuo kina chuo kingine juu yake. Mimi niliishia darasa la tatu, kule milimani Mbinga, kijiji cha Ruanda, nilikozaliwa, kwa hiyo mambo hayo ya juu nimeyajulia ukubwani.

Aliniambia katika darasa lao hakuna mwingine wa kutoka ziwani. Kulikuwa na kijana mmoja wa Umatengo, huku milimani juu yetu, naye aliacha kabla ya mwaka kwisha, akaondoka bila kuaga mtu. Waliobaki wanatoka mijini, baba zao na mama zao walisoma, Kiingereza wanakiongea hata wakigombana. Sasa pale chuoni kuna walimu wakubwa wanaochukua wanafunzi wa namna ya mjukuu wangu, wa pembeni, wasichana hasa, wanawasimamia kazi na kuwalea kabisa. Mwalimu wake ni mmoja wa hao. Alimchukua yeye mwenyewe, kwa kumchagua. Walimu wenzake walimwambia unajitwisha mzigo, hawa watoto wa mbali hawafiki. Hayo mjukuu wangu aliyasikia kwa masikio yake, mlango ukiwa wazi.

Basi mwaka jana akaja nyumbani kufanya utafiti. Miezi ya kwanza alizunguka na begi lake kwa wanawake wote wa ufukoni. Baadaye akapunguza. Baadaye akaacha. Ile kompyuta ikawa imefunikwa kitambaa kama mkate. Akawa anaanika usipa na mimi toka asubuhi mpaka jioni, hasemi kitu. Mimi nilidhani ana mimba. Nilimtazama tumbo wiki kadhaa, nikampikia hata vitu vya kumchefua nione. Hakuchefuka. Ndipo nikamwuliza waziwazi, naye akaniambia kwamba chuoni kuna kikao, kilimwita akajieleze kwa nini kazi haisogei, akasimama mbele ya walimu wale, akaulizwa, akanyamaza. Wakampa nafasi moja zaidi. Kikao kitakaa tena, na safari hii akinyamaza wanamtoa.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Sikuwa na la kusema, bibi."

Huo ulikuwa uongo. Namjua. Huyu mtoto la kusema analo toka hajaota meno.

Sasa turudi kwenye gari. Mwalimu aliteremka kwa miguu, viatu mkononi, mama wa makamo, mwembamba, miwani. Si mtu wa huku, ni wa mikoa ya juu kabisa. Alipofika akapiga goti, mchangani pale, na sketi yake nzuri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na barabara."

Nikatuma mtoto akachukue kiti dukani kwa shekhe. Yule muuza duka ana kiti kimoja cha plastiki chenye mikono, na hakikosi kwenye jambo lolote la kijiji, harusi au msiba. Mwalimu akakaa. Akasema hawezi kulala, dereva anataka watoke kabla jua halijainamia upande wa Malawi, kikao ni wiki hiyo inayokuja, na yeye amekuja kusikia jambo moja tu kutoka mdomoni mwa mwanafunzi wake.

Mjukuu wangu akatoka na maji ya kunywa. Akapiga goti, akampa kwa mikono miwili, akakaa kwenye mkeka, macho chini.

Mwalimu akasema kwa upole, "Mwanangu, kazi imekwama wapi?"

"Haijakwama, mama."

"Wanawake umeongea nao?"

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Ndiyo, mama."

"Ulichoniletea nimekisoma chote. Kila mwanamke anasema vizuri tu. Usipa unauanikaje, vizuri tu. Ukioza unafanyaje, hauozi, vizuri tu. Hivyo ndivyo walivyosema?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unaamini?"

Kidole cha mjukuu wangu kinachora mchanga ukingoni mwa mkeka. Nilisikia kuku, nikasikia injini ya boti mbali ziwani, sauti ya mtu sikuisikia. Mwalimu alingoja. Mimi nisiyejua kungoja nikaingia.

"Mwalimu, anataka kuendelea. Mimi namsemea. Anataka sana."

Mwalimu akanigeukia. "Mama, nisamehe. Nikirudi na maneno yako wataniuliza ya kwake. Mara ya kwanza nilimsemea mimi. Nilisema huyu mtoto anaweza, namdhamini. Mara ya pili hawanisikilizi." Akamtazama tena mjukuu wangu. "Ukitaka kuacha, acha. Sitakuchukia. Lakini niambie."

"Sitaki kuacha, mama."

"Basi tatizo ni nini?"

Akarudi kuchora mchanga. Nikaona miwani ya mwalimu inatazama saa, na uso wake unaanza kujikunja. Nilimwonea huruma, na nilitaka kumchapa mjukuu wangu kwa ule mwiko wa kugeuzia.

Nikasimama. Nikamwambia mwalimu twende kwenye chanja nimfungie usipa mkavu wa kwenda nao, mgeni haondoki mikono mitupu. Tukaenda. Pale chanjani, mbali kidogo, akasema bila kunitazama, "Mama, sijui nimekosea wapi. Tangu siku ya kwanza nilimwambia asiniogope. Nilimwambia mimi si bosi wake, mimi ni mama yake, aniite mama. Wanafunzi wangu wengine wa mjini wananibishia mpaka tunakaribia kugombana. Huyu kila ninachosema ni ndiyo."

Nikacheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa.

"Hapo hapo, mwanangu."

"Hapo wapi?"

"Ulipomwambia akuite mama. Mama habishiwi. Ungebaki mwalimu pengine angethubutu siku moja. Sasa wewe ni mama, tena mama aliyemwokota kati ya wengi. Akubishie kwa mdomo upi?"

Nikamsimulia habari yangu mwenyewe. Nilipoletwa huku kutoka milimani kuolewa, sikujua samaki. Kwetu ni mahindi, maharage na kahawa. Mama mkwe alikuwa mkali, na alikuwa anatia chumvi kwenye kitoweo kana kwamba anahifadhi maiti, Mungu amrehemu. Mume wangu hamwambii, shemeji zangu hawamwambii, wanakunywa maji tu usiku kucha. Mimi ningemwambia mama mkwe chumvi imezidi? Ningerudishwa kwetu. Nilifanya nini? Tulikuwa na mbuzi amefungwa karibu na jiko. Nikawa nasema na mbuzi. "Mbuzi wee, usinywe maji yote, waachie na watu, leo tutakuwa na kiu." Mama mkwe akasikia. Hakusema kitu. Kesho yake chumvi ikapungua. Yule mbuzi aliniokoa mambo mengi mpaka alipoliwa kwenye kipaimara.

Mwalimu akauliza, "Na mjukuu wako, anambishia nani?"

"Mimi. Bibi si kubishiwa tu, anatukanwa kabisa. Ndiyo raha ya kuwa bibi."

Tukatazamana. Nikampa mwiko. "Geuza usipa," nikamwambia. "Mgongo uwe huku. Usigeuke."

Sikuwa na hakika. Nawaambia kweli, nilikuwa naogopa. Mjukuu wangu si mjinga, angejua. Lakini hata mama mkwe alijua kwamba sisemi na mbuzi. Kujua si tatizo. Mradi kila mtu akubali kwamba anayeambiwa ni mbuzi.

Nikapaza sauti. "We mke mwenzangu, njoo huku, mkono umechoka."

Akaja. Akamwona mwalimu wake ameinama kwenye chanja, mgongo huku, anageuza usipa vibaya, anauvunja. Akasimama. Nikampa kikapu.

"Nasikia wanakufukuza," nikasema. "Afadhali. Utanichotea maji mpaka uzeeke."

"Utachota mwenyewe. Miguu unayo."

"Ndiyo shida ya kusomesha mvivu."

Jirani yangu alikuwa kwenye chanja ya pili. Huyu sauti yake inafika Msumbiji. Akaacha kazi kusikiliza, maana sisi tukianza watu hawaondoki.

"Nani mvivu?" mjukuu wangu akasema.

"Wewe. Ulipewa kazi ya kuuliza wanawake, ukaenda kuzurura. Ungewauliza wangekujibu."

"Niliwauliza, bibi."

"Hukuwauliza."

Akaweka kikapu chini. "Hata wewe nilikuuliza. Nilikuita nyuma ya nyumba, peke yako, nikakaa na kalamu kama nilivyoelekezwa. Ulinijibu nini?"

"Nilijibu vizuri."

"Ndiyo hiyo. Vizuri. Wiki ile ile usipa wako ulikuwa umeoza wote, ulikuwa unalia hapa hapa unamlaani anayeleta mvua, watu wote wanasikia. Nikakuita pembeni, ukasema vizuri tu, mjukuu wangu, tunamshukuru Mungu."

Jirani akadakia toka kule kwake. "Na mimi nilisema vizuri. Nilidhani nimeshtakiwa jambo. Mtu akuite faraghani na karatasi, ungesema nini?"

"Ningesema vizuri," nikasema.

"Umesikia?" Mjukuu wangu sasa alikuwa ameshika kiuno, sauti imepanda. "Huku mwanamke haitwi pembeni ila kwa kesi au kwa kuambiwa amefiwa. Nilijua hilo kabla sijaanza. Nilijua nikiwa bado chuoni, naandika, najua haitafaa, naandika. Kuwaita mmoja mmoja kunafaa huko kwingine. Hapa hakufai. Mambo yote yanasemwa kwenye chanja, huyu anaanza, yule anamkatisha, mwingine anasema muongo wewe ilikuwa hivi. Mwaka mzima nimeokota vizuri, vizuri, vizuri, kwa sababu njia yenyewe ni..."

Akakatika hapo. Mwiko wa mwalimu ulikuwa umesimama.

Mwalimu aligeuka taratibu. Mikono yake imejaa magamba. Akamwambia, "Malizia."

Mjukuu wangu akapiga goti.

"Malizia. Njia yenyewe ni nini?"

"Nisamehe, mama."

"Sitaki samahani. Kwenye kikao hakuna bibi, wala hakuna wa kugeuza mgongo. Watu watano watakuwa wanakukodolea macho na mmoja ni mimi. Niambie hivyo hivyo, ukinitazama."

Nilitaka kusema kitu. Mwalimu akaninyooshea kiganja, na mimi, mtu mzima, nikafunga mdomo.

Mjukuu wangu akainua macho. Goti bado liko chini. "Njia yenyewe haifai, mwalimu." Nikasikia amesema mwalimu. "Hapana. Sitawaita mmoja mmoja tena."

Nilidhani mwalimu atafurahi. Wapi. Akambana.

"Ukiwauliza pamoja, mwenye sauti atawasemea wote. Huyu mama hapa atawafunika."

"Kweli nitawafunika," jirani akasema.

"Ataanza yeye, halafu watamkosoa. Mimi nitasikiliza wanavyomkosoa."

"Na asiyeweza kukosoa? Mgeni kijijini, mke mdogo, mwenye kuogopa? Huyo ndiye niliyekuambia umwite pembeni. Sikusema bure."

Mjukuu wangu akatazama chanja. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na juu barabarani dereva akapiga honi. Nilijisemea, ameshindwa, ndiyo basi tena. Nilimtazama mwalimu, uso kama jiwe, hakumsaidia hata kwa kope.

"Huyo," mjukuu wangu akasema, polepole, "nitageuza naye usipa. Sitamwuliza kitu. Nitageuza naye siku nzima, na kesho yake. Mikono ikiwa na kazi mtu anasema na usipa. Mimi nitakuwa karibu."

Mwalimu akavua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi, na vidole vyake vya magamba, ikawa chafu kuliko kwanza. Akaivaa hivyo hivyo.

"Kwa nini hukuniambia mwaka jana?"

"Ulisema nikuite mama."

Mwalimu akanitazama mimi, akatazama mchanga. Honi ikalia tena. "Chukua nguo," akasema. "Unaondoka na mimi. Lakini usidhani nitakusemea. Nitakuuliza kule kama nilivyokuuliza hapa, na zaidi. Nikiona umenyamaza, nitanyamaza na mimi."

Wakapanda mlima, mwalimu mbele na usipa wake kwenye mfuko, mjukuu wangu nyuma na begi. Kiti cha shekhe kikabaki mchangani peke yake.

Siku ya kikao sikujua saa ngapi watakaa. Mtandao kwetu unapatikana juu ya jiwe lililo nyuma ya kanisa, basi nikaenda kukaa jiweni toka asubuhi, nikauacha usipa chanjani. Wingu likaja kutoka ng'ambo. Nililiona. Nikajiambia niteremke nianue, halafu nikajiambia nikiteremka ndiyo atapiga. Mvua ikanyesha. Nikajifunika kanga, simu ndani ya kanga. Nilisikia jirani ananiita kule chini kwa ile sauti yake, usipa wako, usipa wako, na sikuondoka.

Akapiga jioni, mvua imekwisha. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Bibi, walianza kuuliza, nikanyamaza."

Nikakaza simu sikioni.

"Nikamtazama mwalimu anisaidie. Akageuza kiti. Bibi, aligeuza kiti chake, akanipa mgongo, wenzake wakashangaa. Akakaa anatazama ukuta. Ndipo nikasema."

"Wakasemaje?"

"Mmoja alisema ninakosea. Nikamwambia hapana, mzee, na sababu nikampa. Tulibishana sana. Wamenipa muda, bibi. Si mwingi. Wamesema nikirudi na vizuri tena, nisirudi."

Nikamwambia mimi nina usipa uliooza chanja nzima, aje aanzie hapo, kwangu hatapata vizuri.

Amekuja, yuko hapa tangu hapo. Asubuhi anakaa chanjani na wanawake, hana karatasi, anaandika baadaye akiwa peke yake. Wanagombana mbele yake mpaka basi. Kuna mke mdogo wa mvuvi mmoja, ameletwa hapa juzi tu, hajui mtu. Mjukuu wangu amegeuza naye usipa siku nyingi, kimya, wote wawili. Wiki iliyopita yule binti ameanza kusema na usipa.

Jumapili baada ya misa mwalimu hupiga simu, na tunapanda jiweni wote wawili kwa sababu miguu yangu bado ninayo. Hawaongei kwa upole tena. Juzi walishikana kwelikweli, kuhusu nini sikuelewa, mambo yao ya chuo. Nilimsikia mwalimu kule anapandisha sauti, na mjukuu wangu akajibu, "Hapana, mwalimu, siyo hivyo." Nikamtazama. Alikuwa amepiga goti pale jiweni, mkono mmoja kifuani, simu sikioni, hakuna anayemwona isipokuwa mimi.

"Hapana," akasema tena. Goti lilikuwa chini bado.